Unga, Mkaa na Kadi ya Ushindi

Jumatatu, 10 Machi 1958. Bahati.
Mvua tena. Paa la nyasi limevuja kitandani, upande wangu. Nafula, mke wangu, anasema ni haki. Lakini Jumamosi bwana mzungu mwenye shamba anachagua nyapara mpya kwa shindano la kulima, na nyapara hupewa nyumba ya bati. Nimemwahidi bati. Alijibu kwamba hata mwaka jana aliahidiwa.

Leo ameokota kadi za kupigia ramli zilizotupwa na memsabu, mke wa bwana, awashie moto. Nimeziokoa! Moja ina mtu mwenye taji, garini, mbele yake wanyama wawili, mweusi na mweupe. Omolo mpishi, ambaye humwona memsabu akizisoma, anasema hiyo ndiyo kadi ya ushindi. Basi!

Jumatano, 12 Machi.
Mweusi ninaye: maksai wangu Mkaa. Mwenzake ni wa kahawia. Wa kahawia hayumo kwenye kadi. Nimemwacha zizini, nikamchukua Unga, maksai mweupe wa akiba. Kiprugut, mpinzani wangu, alinionya kwamba Mkaa na Unga wote wamezoea upande wa kulia wa nira, na hakuna atakayekubali kushoto. Wivu! Nilimshukuru kwa dharau.

Ijumaa, 14 Machi.
Ugunduzi mkubwa. Mtu wa kadi hana kamba wala kiboko. Nimempa Kiprugut kiboko changu, maana yeye atakihitaji. Nafula aliuliza kama nimefanya mazoezi. Nilimwambia kadi haionyeshi mazoezi.

Jumamosi, 15 Machi.
Nimeshindwa. Mkaa alitaka kulia. Unga alitaka kulia. Walisukumana kama wake wenza mlangoni, kisha wakaingia na plau katika bustani ya memsabu. Kabichi zote zimelimwa, tena vizuri. Bwana alisema mengi kwa Kiingereza, nikaelewa yote. Nyapara ni Kiprugut. Nafula alikuwa pale na mtoto mgongoni. Aligeuka, akaenda zake nyumbani. Hilo liliniuma kuliko makelele ya bwana.

Jumapili, 16 Machi.
Baada ya kanisa Kiprugut alikuja na mzigo wa nyasi, akasema tuezeke paa langu pamoja kabla mvua haijazidi. Mtu mwema. Alinikuta na kadi nyingine: mtu amening'inizwa kwa mguu mmoja, kichwa chini. Nafula alisema huyo ni mimi. Nikaigeuza. Kumbe anacheza ngoma! Ushindi mtupu. Nikamwambia Kiprugut arudi na nyasi zake. Anayengoja bati haezeki nyasi.

Mvua imeanza. Nafula ameweka sufuria kitandani, mahali pangu.