Kanda ya Mzee Tobia

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Hapa Kwihara sijapata redio ya kutengeneza wiki nzima. Wote wanakwenda mjini kwa Sadiki, anayehamishia nyimbo kwenye flashi. Leo nimesoma kwenye simu: wanasayansi wametunza taarifa ndani ya viini vya atomu, kwenye chembe ya kristali iitwayo nukta kwanta. Kila kiini ni kama kijisumaku kinachozunguka. Sumaku ninazo. Sadiki kwisha.

Jumanne, 7 Oktoba
Mama Josepha wa kwaya ya Moraviani alikuwa akienda mjini na kanda ya marehemu mumewe, Mzee Tobia, akiimba besi mwaka 1987. Ndiyo hiyo moja tu. Nikamwamkia, nikamwambia flashi zimepitwa na wakati. Mimi nitaihifadhi kwenye viini. Akauliza kama itadumu. Nikasema milele. Akaniachia.

Jumatano, 8 Oktoba
Kanda imelala juu ya sumaku ya spika kubwa tangu chai ya asubuhi hadi adhuhuri, viini vijipange. Kazi safi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimeipiga kanda: mvumo mtupu. Nikamweleza Mama Josepha kuwa viini havijatulia. Akakaa dukani saa nzima, sikio kwenye spika. Mwisho akasema, "Tobia hakuwa mtu wa kunyamaza hivi."

Ijumaa, 10 Oktoba
Amerudi na mpwa wake Veridiana, mwalimu wa fizikia. Veridiana kasema sumaku imefuta kanda. Na hiyo nukta kwanta ni kazi ya maabara, kwenye baridi kali mno, na taarifa ilidumu chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Nikauliza kama hakumaanisha miaka elfu. Hakucheka. Mama Josepha hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Jumapili, 12 Oktoba
Baada ya ibada wanakwaya wa zamani waliuimba wimbo ule wa kwenye kanda, Sadiki akirekodi. Besi wakakwama ubeti wa tatu. Mimi naujua, Mzee Tobia alinifundisha kabla hajanifukuza kwaya. Nikauimba kutoka benchi la nyuma. Mama Josepha akageuka, akanitazama, akafumba macho. Sauti si ya mumewe, ila wimbo umepatikana. Nikaondoka bila kuaga.

Jumatatu, 13 Oktoba
Mzee Raymundi ana kanda ya video ya harusi yake. Nimemwambia tatizo letu lilikuwa joto. Swaumu muuza samaki amekubali tuiweke kwenye friza yake, katikati ya sato.