Mzee Huyu Hatalowa

Jumatatu, tarehe 9 Juni, mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke kwetu.

Kwa Mkuu wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa.

Ndugu Mkuu,

Naomba radhi kukuchukulia muda wako katika kipindi ambacho najua una kazi nyingi, maana majira ya joto yameanza na hayajui yanachotaka. Asubuhi jua, saa nne mawingu, saa sita jua tena, saa nane mtu anakimbilia ndani na mto wa kiti kichwani. Siilaumu idara yako kwa mawingu. Mawingu hayana bosi. Malalamiko yangu yanahusu maneno yenu, na madhara yaliyoipata familia moja ya watu watano, ambayo ni yetu.

Mimi ni mpima ardhi mstaafu, nina miaka sabini na minne. Naishi ghorofa ya tatu na binti yangu, ambaye ni mfamasia. Yupo na mume wake, fundi wa lifti. Na wajukuu wawili, mvulana wa miaka kumi na mmoja na msichana wa sita tunayemwita Kiroboto, kwa sababu hajawahi kukaa kwenye kiti mpaka mlo ukaisha. Mkwe wangu hupumzika Jumapili tu, kwa hiyo Jumapili ndiyo siku yetu ya kutoka. Ninaposema yetu, nasema yao. Mimi hubaki, na anayenibakisha ni wewe. Ushahidi ni huu:

1. Jumapili ya mwisho ya Mei mlitangaza uwezekano wa mvua wa asilimia arobaini. Mvua hiyohiyo, ndugu yangu, ilipofika mlangoni petu iligawanywa bila haki. Kwa wajukuu ilikuwa koti la mvua. Kwa mkwe ilikuwa kofia. Kwangu ikawa blanketi, televisheni na "Baba, wewe pumzika tu." Naomba kufahamishwa arobaini yangu ilifikaje mia.

2. Jumapili ya tarehe mosi mkatangaza radi. Wao wakaenda ziwani, wakisema ikinyesha watajibanza garini. Mimi niliachiwa mkate na mayai manne ya kuchemsha. Kwa kuwa maisha yangu yote nimepima vitu, niliweka kopo tupu la maziwa ya unga dirishani, nikawa naandika kilichomo kila saa. Saa nne, sifuri. Saa saba, sifuri. Saa kumi, nzi mmoja. Walirudi jioni wamechoka kwa furaha, wana mchanga hadi masikioni, na Kiroboto akanikimbilia na kuniuliza, "Babu, mvua ilikunyeshea sana?" Mimi, ndani ya nyumba, chini ya dari.

3. Jana mlisema mchana utakuwa mweupe. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshavaa, kamba za viatu nimezifunga mara mbili, nimekaa kwenye kiti karibu na mlango kama mgonjwa anayengoja kuitwa. Saa tatu na dakika kumi binti yangu akatazama simu. "Baba, wamebadilisha." Wamebadilisha! Katika kazi yangu, Ndugu Mkuu, anayeng'oa kigingi cha mpaka baada ya kukipigilia hujieleza mahakamani. Kwetu nilipigilia vigingi ambavyo, nimeambiwa, hadi leo watu huvizunguka wakilima.

4. Siku hiyohiyo mkaongeza "upepo wa wastani". Kwa maneno hayo matatu nilinyimwa hata kushuka bustanini kula aiskrimu. Nina kilo sabini na moja. Mkwe wangu, ambaye uzito ndiyo kazi yake, alinitazama juu hadi chini akasema, "Mzee, kukuinua wewe hata kimbunga kingeomba msaidizi." Binti yangu akamwambia afunge mdomo abebe kikapu. Wakaondoka.

5. Hili nitalisema ingawa linaweza kukuudhi. Kwetu mvua ilikuwa na adabu. Ilitanguliza harufu yake, ikasubiri watu waanue nguo, ikanyesha kuanzia saa tisa hadi saa kumi na robo, ikaenda zake. Hatukuhitaji idara. Na ziwa la kwetu lilikuwa kubwa kiasi kwamba ikinyesha upande mmoja, upande wa pili watu wanatafuta kivuli. Mawingu ya hapa, samahani, ni mepesi kama chai ya hospitali, na bado mnayaogopa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonishikisha kalamu. Jumapili ijayo wanarudi ziwani. Kiroboto amejifunza kuogelea bila kushikwa, na amepanga kuvuka kutoka kwenye ngazi za gati hadi kwenye kamba ya njano, mita kumi na mbili kwa maelezo yake, ambayo sijapata nafasi ya kuyahakiki. Anataka nisimame kwenye ngazi nimhesabie kwa sauti kila anapopiga mkono. Nami mwaka huu hakuna kitu ninachokitaka kama kusimama pale.

Kwa hiyo naomba idara itoe utabiri wa pekee kwa waliozidi miaka sabini, usio na asilimia ndani yake. Ikishindikana, nipewe cheti chenye muhuri kisemacho "Mzee huyu hatalowa", nikamwonyeshe binti yangu, kwa sababu mfamasia hubishana na kila kitu isipokuwa karatasi yenye muhuri. Hilo nalo likishindikana, mniletee ofisa mmoja kila Jumapili, akae nami dirishani alitazame jua alilolikana, chai nitampa. Na kama yote hayo yatawashinda, basi majira haya yasimamishwe kazi hadi yatakapoamua yanataka kuwa nini.

Nisalimie makarani wako wote, na yule anayesoma utabiri redioni kwa sauti ya mtu anayetoa pole, na wanaopanda paani kusoma vipimo, na wa nyumbani kwako wakubwa kwa wadogo, nikitumaini kwamba wakitoka wanakuchukua.

Ni mimi, mkavu tangu Mei,
Mpima ardhi mstaafu, ghorofa ya tatu.

Nyongeza: Binti yangu ameomba kuisoma barua hii kabla sijaifunga. Ameisoma kama anavyosoma mwandiko wa daktari, mara mbili, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda changu. "Baba, waache watu wa watu. Hawana kosa." Akaniambia mvua aliitumia yeye kama kisingizio, kwa kunihurumia. "Kila tukikupeleka mahali, unatuambia kwenu kulikuwa kuzuri zaidi. Mwaka jana mtoto alikujengea nyumba ya mchanga, kutwa nzima, ukamwambia mchanga wa kwenu ulikuwa unashikana vizuri. Hukumwona alivyoikanyaga. Mimi nilimwona."

Nilitaka kujitetea. Nikaitazama ile aya ya tano mkononi mwake.

Naondoa malalamiko yote matano pamoja na maombi yangu, nikikuomba radhi kama nilivyokwisha kuomba humu ndani. Barua naituma hata hivyo, maana salamu zilishaandikwa. Jumapili naenda ziwani, inyeshe isinyeshe. Nimepewa sharti moja, nawe ukiisoma tena aya ya tano utalijua, na nimelikubali.

Kiroboto alikuwa kasimama mlangoni muda wote huo. Ameniuliza kwa nini sirudi kwetu, kama ni kuzuri hivyo. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayekuuliza kwa nini hukukaa kwenye kile kiti kizuri. Watu wazima wameniuliza swali hilo kwa miaka thelathini na mmoja, na wote nimewajibu, "Mwakani." Yeye nimemwambia kweli. Sitarudi.