Miguu Yangu na Mbuzi wa Ntheo

Jumatano, 6 Agosti 2003

Mwalimu wa gumbaru, shule yetu ya watu wazima, anataka tuandike mambo ya kila siku. Haya, asome miguu. Nikiketi tu jioni, inawasha ndani ya mfupa kama siafu wanahama. Lazima niinuke! Jumapili wazee wa kina Mutuku walikuja kumposea kijana wao mjukuu wangu Mbithe. Niliinuka, nikaketi, nikainuka, nikazunguka nyumba. Sasa Kalekye, nyanya ya Mutuku, anatangaza sokoni kwamba nawatoroka. Ati Jumamosi wakileta mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga uchumba, nami nikainuka tena, watarudi na mbuzi wao. Mbithe amelia. Nimemwambia afute kamasi, mimi susu yake, nyanya yake, nitaketi kama jiwe.

Alhamisi, 7 Agosti

Nesi Pauline wa dispensari ati huu ni ugonjwa. Damu yangu imepungukiwa na chuma. Chuma! Kwani mimi ni jembe? Amenipa tembe. Niache chai kali jioni, nisugue miguu, ikinishika nitembee. Nitembee! Mbele ya Kalekye! Huyu nesi hana mjukuu wa kuozesha.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilisokota kamba ya katani, nikajifunga miguu kwa benchi, leso ikafunika. Akili hiyo! Hotuba ya kwanza, nimetulia. Ya pili, siafu. Nikauma meno. Kalekye akauliza mbona nimekunja uso, au mbuzi wamekonda. Nikamjibu hiyo ni furaha. Kisha mzee mmoja akasema tusimame tuombe. Nikasimama. Benchi nalo likasimama! Wazee wawili wa kina Mutuku niliokaa nao kwenye benchi, hata hawajamaliza kuinuka, wakaangukia sufuria ya supu.

Kamba ikaonekana. Kalekye akaitazama, akaniangalia mimi, akasema kwa sauti kwamba mtu aliyejifunga kwa benchi hatoroki wageni. Mbuzi wamebaki! Mbithe amecheka mpaka akalia tena.

Jumatatu, 11 Agosti

Mbithe ati turudi kwa nesi, Jumamosi ilikuwa bahati tu. Bahati! Ilikuwa kamba.

Na leo nani amekuja, peke yake, akipitia jikoni? Kalekye. Akaninong'oneza kwamba miguu yake pia humfanya hivyo tangu azae kitinda mimba wake, na hajawahi kumwambia mtu. Maskini! Miaka yote hiyo! Nilimshika mikono, nikamketisha karibu na moto. Nimemwambia asisumbuke na dispensari. Kosa lilikuwa la benchi, ni jepesi sana. Kesho jioni tunajifunga sote wawili kwa nguzo ya ghala.