Mbwa Anayefuata Fomu

Kwa Mkuu wa Kituo cha Kufunza Mbwa wa Ulinzi,

Ndugu Mkuu,

YAH: MBWA WENU KUTUHAMISHIA BANDA LA GARI

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa ndani ya nyumba yako. Hilo silisemi kwa kijembe. Siku hizi ni jambo ambalo silichukulii kwa wepesi. Mimi ndiye yule karani wa masjala, mwenye upara na mkoba wa kahawia, niliyekuja kwenu kutafuta mbwa wa kulinda familia. Naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndani ya banda la gari. Gari sina. Banda nililijenga kwa matumaini, na sasa tunaishi humo mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka kumi na minne, na mama mkwe, aliyekuja kututembelea kwa wiki mbili, mwaka juzi.

Leo ni siku ya kumi na tisa. Mbwa yuko sebuleni.

Nikukumbushe kwanza tulivyofika hapa, maana sipendi faili lianzie katikati. Jirani yetu alipoibiwa cherehani, tulikaa kikao cha familia kuchagua aina ya mbwa. Mke wangu alitaka mchungaji wa Kijerumani, kwa sababu anaonekana amesoma. Binti alitaka kale kadogo keupe kenye manyoya mengi, kanakofaa zaidi kufutia meza. Mama mkwe alisema mbwa ni mbwa, kazi yake kubweka, na akauliza kama mimi nimeshindwa kubweka mwenyewe. Mimi nilitaka rotwaila, kwa kuwa ana uso wa mkaguzi wa mahesabu. Tulibishana wiki tatu. Mwisho nikaja kwako, ukanionyesha huyu mweusi mwenye kifua kama kabati, wa aina ambayo ulisema haisahau harufu hata miaka kumi ipite. Ukanipa fomu.

Fomu ile ilitutaka tutaje watu ambao mbwa asiwaruhusu kuingia ndani, na tuambatanishe nguo ya kila mmoja, iliyovaliwa na haijafuliwa. Ile yenyewe nilibaki nayo mimi, wenzangu nikawatolea nakala kazini, nikampa kila mtu ajaze yake kwa siri, aitie kwenye bahasha pamoja na nguo, afunge kwa gundi. Bahasha nne nilizileta kwako bila kuchungulia hata moja. Karani hafungui bahasha iliyofungwa. Hilo najivunia, au niseme nilikuwa najivunia.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba mbwa ni mtiifu kupita kiasi. Siku ulipomleta, uliturudishia nguo zote ndani ya mfuko mmoja, ukasema ndizo alizofunzwa nazo, ukaondoka una haraka. Tukazimwaga barazani. Ilikuwa fulana yangu ya kijani, soksi yangu ya kushoto, sweta la shule la binti yangu, aproni ya mke wangu na kilemba cha mama mkwe. Yaani kaya nzima. Dakika tano baadaye mbwa alikuwa amesimama kizingitini na sisi tulikuwa uani. Hakutung'ata, nakiri. Alitutazama tu, kama mimi ninavyowatazama watu wanaofika dirishani saa kumi na dakika moja. Chakula tunampitishia dirishani. Anakula akiwa juu ya zulia.

Familia yangu inasema hii ni aina mbaya, ingekuwa heri ya yule mweupe. Mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba aina haina tatizo.

2. Kwamba vitu vyangu vilikuwa viwili. Wenzangu wote kimoja kimoja. Ndugu Mkuu, mimi najua kuhesabu. Ukiitoa bahasha yangu, zinabaki tatu. Inawezekana kabisa kwamba kati ya watu watatu ninaoishi nao, wawili walikaa chini, wakiwa na akili zao timamu, wakaandika kwamba mbwa anizuie kuingia kwenye nyumba niliyoijenga. Ninachotaka kujua, na ndicho kinachoninyima raha, ni kama mmoja wao ni mke wangu. Tuna miaka kumi na saba ya ndoa. Najua nakoroma. Najua nasoma gazeti kwa sauti, pamoja na matangazo ya vifo. Lakini soksi ile ilitoka kwenye kapu la chumbani kwetu, na humo haingii mtu mwingine.

Usiniambie nimuulize. Nikianza kuulizia bahasha za wenzangu, ya kwangu nayo itaulizwa, na ya kwangu ndiyo iliyokuwa na kilemba. Niliandika kwa mwandiko wangu bora: "Mama mkwe. Sababu: muda wa ziara umekwisha."

3. Kwamba mama mkwe amebadilika. Alipokiona kilemba chake kwenye ule mfuko, alikiokota, akakishika muda mrefu, akauliza ni nani aliyekiweka. Binti yangu akanitazama mimi, kwa sababu aliwahi kuniona nikikichomoa mgongoni mwa kiti. Tangu siku hiyo mama mkwe haniiti tena "wewe bwana". Ananiita mwanangu. Ananipakulia mnofu mkubwa kuliko wote, na juzi amenishonea kifungo cha shati nikiwa nimelivaa, sindano ikipita karibu kabisa na koo. Nakula huku nikimwangalia. Nina hakika anajua, na ameamua kunimaliza polepole kwa wema. Katika maelezo yenu ya aina hii ya mbwa, madhara haya hayakutajwa.

4. Kwamba nina suruali moja, iliyokuwa kwenye kamba siku tuliyotolewa. Bosi ameuliza. Nimesema nyumba inapigwa dawa ya mende. Sasa ananiuliza kila asubuhi mende wanaendeleaje.

5. Kwamba Jumamosi tuliibiwa, tena kwa adabu. Saa nne asubuhi aliingia getini mtu mwenye ovaroli na mkokoteni. Akamwamkia mama mkwe, akatupita, akaingia ndani. Mbwa akamtikisia mkia. Sisi tulishangaa, lakini tulisema kama angekuwa mtu mbaya, mbwa si angemzuia? Tukakubaliana kwamba ni fundi. Mke wangu, ambaye ni mwalimu na hapendi kubaki na swali, alimfuata hadi kwenye ngazi akamuuliza anaingiaje humo.

"Naingia tu, mama," alisema. "Kwani nyie hamwingii?"

Kwa kuwa alikuwa anaingia na kutoka, tukamwomba atutolee vitu viwili vitatu. Sitamsema vibaya: alituletea mablanketi, dawa za presha za mama mkwe, madaftari ya binti na miwani yangu ya kusomea, akauliza kama kuna kingine. Kisha akatoa televisheni. Kisha redio, pasi na friji. Friji lilikuwa linataka kuanguka, nikamshikia mkokoteni. Mama mkwe akamfungulia geti. Akatuaga vizuri, akasema tuna mbwa mzuri sana.

Nilikupigia simu. Nikakuuliza mbwa wa ulinzi anawezaje kumtikisia mkia mwizi.

Ukaniuliza, "Mlimwandika?"

Ndugu Mkuu, hatukumwandika. Hatumjui. Wala hatukuwa na nguo yake. Nikasema basi angalau mbwa atusahau sisi, ukanijibu kwamba kumsahaulisha harufu ni miezi sita kwa kila nguo. Nguo ni tano. Ukaongeza, "Mzee, huyo mbwa hana ubaya na mtu. Anafuata fomu." Maneno hayo hayo nimewaambia watu dirishani kwa miaka ishirini na sita, na sikuwahi kujua yanavyouma ukiwa upande wa pili.

6. Kwamba kwa hiyo naomba yafuatayo. Mosi, mtubadilishie mbwa, mtupe wa aina inayowajua wezi kwa sura au kwa mwendo, bila kuhitaji viambatanisho. Pili, kama aina hiyo haipo, Kituo kitangaze kwamba wezi wote wa eneo hili walete nguo moja moja, kwa hiari, ili mafunzo yafanyike kwa haki. Tatu, kama wezi watakataa, basi mbwa atambuliwe rasmi kuwa mwenye nyumba, na Ijumaa ahudhurie mkutano wa wazazi badala yangu, kwa sababu mzazi anayehitajika ni yule anayeishi nyumbani, na mimi nimeandikwa na mwalimu wa darasa kwamba naishi "jirani na kwao".

Nne, na hili ndilo kubwa, zitazame tena zile bahasha. Niambie tu kama soksi ilitoka kwa mke wangu, ndiyo au hapana. Jibu liandikwe SIRI, lije ofisini. Kama ni ndiyo, sitafanya fujo. Nitataka tu kujua aliandika nini kwenye sehemu ya sababu.

Wasalimie wote hapo Kituoni, wenye miguu miwili na wenye minne, na umwambie yule mama wa mapokezi kwamba kalamu yake ninayo, nitairudisha nikivaa ile suruali nyingine.

Ni mimi mteja wako,
Karani wa Masjala,
Banda la Gari, nyuma ya nyumba yangu mwenyewe.

Nyongeza: Mke wangu ameikuta barua hii kwenye ndoo. Alianza kwa kusahihisha nukta na koma, halafu akaacha kusahihisha. Aliisoma yote akiwa amesimama, kisha akaniuliza, taratibu, "Fomu ya kuzuia watu? Ni ipi hiyo?"

Akatoa kwenye mkoba wake nakala aliyoiharibu alipokuwa anajaza. Ile mashine yetu ya kazini huwa inakata mistari miwili ya juu. Ofisi nzima tunajua, na mimi ndiye niliyebandika tangazo ukutani. Neno "kuzuia" lilikuwa kwenye mistari hiyo. Kilichobaki ni "Jaza jina la mhusika, sababu, na uambatanishe nguo yake." Wao walidhani mbwa anataka kujua watu wake ni akina nani.

Basi binti alimwandika mama yake. Mke wangu alimwandika binti, na mimi. Soksi ni yake, na kwenye sababu aliandika "Wangu". Fulana ilitoka kwa mama mkwe. Amemwambia mke wangu alichoandika: "Mkwe wangu. Asije akafungiwa nje akirudi kazini amechoka."

Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi sita nayafuta. Mbwa mtakuja kumshughulikia mkipata nafasi. Kati ya fomu nne mlizopokea, iliyojazwa sawasawa ni moja tu, na ni yangu.

Mke wangu ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika, na mpaka sasa sijajua kama anacheka. Amenipa hadi kesho asubuhi nimwambie mama yake mwenyewe. Tatizo ni kwamba mama mkwe ameshapiga pasi gauni kwa jirani. Kesho saa tatu anakuja hapo kwenu kuomba aonyeshwe bahasha iliyokuwa na kilemba, ili awe na hakika ya aliyeiandika na amshukuru kwa mkono wake.

Ndugu Mkuu, nakuomba bahasha hiyo ipotee. Sijawahi kupoteza karatasi hata moja kazini, kwa hiyo sijui inafanywaje. Nategemea uzoefu wenu.