Kikombe Kwenye Dari

Jumapili, 2 Machi

Mvua ya kwanza. Alasiri nzima nimelala chali kwenye kitanda cha wageni nikikagua uharibifu. Kazi ngumu hii, jamani. Doa la darini limekua. Mke wangu ameniambia mara mbili, kwanza kwa upole kisha bila upole, kwamba kesho nikanunue mabati. Mama mkwe anakuja Jumamosi ya tarehe 15 na kitanda chake ni hiki hiki. Mara ya mwisho alilala na beseni ubavuni, tone, tone, tone, na asubuhi akasema amelala vizuri. Mke wangu hajalisahau hilo. Amesema mama yake akilala tena na beseni, mimi nitafute pa kulala.

Akaanza kuniambia usipoziba ufa. Nikamkatiza. Huu si ufa, ni tundu.

Pesa zipo. Tumezikusanya kiangazi chote, yeye kwa zamu za ziada wodini, mimi kwa kuacha soda.

Alipotoka nikalitazama doa vizuri. Kikombe! Tumbo la duara, midomo miwili sawa, na pembeni kimkono kinachoning'inia. Mwalimu wangu wa kwenye simu (yule wa miwani ya jua, anayefundisha kusoma chati za hisa) husema bei ikichora kikombe chenye mkono, kaa tayari, inataka kupanda. Nikafungua chati ya kampuni inayotengeneza mabati. Kikombe kile kile. Mkono upande ule ule! Mwili ulinisisimka. Nje mvua ilikuwa ikipiga bati taratibu, kama mtu anayepepeta mchele, nami nikabaki nimelala nikitabasamu hadi nikaitwa kula.

Jumatatu, 3 Machi

Sikununua mabati. Nimenunua kiwanda cha mabati. Kipande chake kidogo mno, lakini kiwanda ni kiwanda.

Hoja ni nyepesi. Mvua inanyesha, mapaa yanavuja, watu wanakimbilia mabati, hisa zinapaa. Nauza wiki ijayo, napata mabati, rangi ya dari na kiti cha kuzunguka.

Mke wangu alikaa juu ya ndoo. Kisha akaniuliza, kwa sauti anayotumia kwa wagonjwa, kama nina akili timamu. Nikamweleza kwamba hii si kamari, kuna kudhibiti hatari. Sheria ya kwanza: usiweke kwenye hisa moja zaidi ya kipande kidogo cha pesa. Sheria hii niliitafakari sana. Niligundua kwamba pesa zetu zote ni kipande kidogo sana cha pesa zilizopo duniani. Kwa hiyo sijaivunja.

Sheria ya pili ni mstari wa usalama. Nilichora chati kwa penseli kwenye ukuta wa chumba cha wageni, na chini yake mstari, usawa wa swichi ya taa. Bei ikishuka ikaugusa, tunauza siku hiyo hiyo. Tunapoteza kidogo, tunaokoa kikubwa. Na kwa kuwa najijua nina moyo mwepesi, nimeihamishia akaunti kwenye simu yake. Mimi nitaangalia bei tu. Yeye ndiye mlinzi wa mstari.

Akauliza, "Na ukilia?"

Hata nikilia, nikamwambia. Hata nikipiga magoti. Akaikariri ile bei kama kipimo cha dawa, mara tatu. Shahidi alikuwa shemeji yangu, kaka yake, mwalimu wa udereva. Tunamwita Breki, kwa sababu katika gari lake la kufundishia hukaa kiti cha abiria na mguu wake haujawahi kutoka kwenye breki ya pili. Alitazama juu, akasogea hatua moja kukwepa tone.

Jumatano, 5 Machi

Imepanda! Si sana, lakini kupanda ni kupanda.

Dukani nimelala. Nauza magodoro, na naamini bidhaa ijulikane kwanza na muuzaji. Nilijinyoosha kwenye lile nene la dirishani na nikaota niko ndani ya nyumba ambayo paa lake liko juu sana, hata mvua inachoka kabla ya kulifikia. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, anazunguka polepole, ananiita mwanangu. Bei zilikuwa zikipita dirishani mfano wa vilima, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kirefu kuliko cha nyuma.

Kuamka, bosi amesimama kichwani kwangu na mume na mke wanalipa. Walinitazama kupitia kioo wakasema wanataka hilo hilo alilolalia yule kaka. Bosi hakujua anipe onyo au kamisheni. Alitoa vyote viwili.

Ijumaa, 7 Machi

Bei imeteleza kidogo. Mvua imenyesha sana na doa limebadilika. Kikombe kimekwisha. Sasa kuna uvimbe mkubwa katikati na kivimbe kimoja kila upande. Kichwa na mabega! Mwalimu husema ukiliona umbo hilo, toka mbio, bei inaanguka. Nililitazama hadi shingo ikauma. Lilikuwa na mabega mapana, mabaya.

Breki alipita kuchukua ngazi yake. Nikamwomba maoni kama mtu wa nje. Akatazama juu muda mrefu akitafuna njiti ya kiberiti. "Shemeji, hilo ni doa."

Kisha, bila kuulizwa, akaongeza kwamba wenye akili hununua mabati kiangazi. Mvua ikianza, wauza mabati wanakaa vibarazani wanacheza bao. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, akasema. Nikamjibu kwamba gari lake hata sakafuni halijawahi kukimbia. Akaondoka bila ngazi. Nilimshinda.

Lakini neno lake lilinikaa kooni kama mwiba. Nikakumbuka jambo: mwalimu husema kichwa na mabega vikiwa vimepinduka, miguu juu, bei inapanda. Nikahamisha mto upande wa miguuni, nikalala kinyume. Umbo likapinduka! Amani iliyoje. Mto utabaki huko huko.

Jumamosi, 8 Machi

Soko limefungwa. Siku ndefu. Mke wangu alivaa gauni la bluu asubuhi, akapika, akakaa mezani ameegemeza shavu mkononi, ananitazama. Nikaona anataka kuelimishwa. Nikamfafanulia tofauti ya mshumaa mwekundu (bei imeshuka) na wa kijani (imepanda) kwenye chati. Alinisikiliza hadi mwisho. Akavua hereni, akaenda kulala, na jua bado lipo. Wauguzi huchoka sana.

Jumatatu, 10 Machi

Msiba! Saa nne asubuhi bei imegusa mstari.

Nikaomba ruhusa dukani, nikasema nina dharura ya paa, jambo ambalo ni kweli. Nyumbani hakuna mtu, mke wangu yuko zamu. Nikasimama mbele ya ukuta. Mstari ulinitazama, nami nikautazama. Nikajiuliza: hivi mstari huu aliuweka nani? Mimi. Na mimi wa Jumatatu ile nilikuwa najua nini kuhusu soko? Mimi wa leo nina uzoefu wa wiki nzima. Isitoshe, uko kwa penseli. Kitu kikitakiwa kudumu huandikwa kwa kalamu.

Nimeufuta. Nimechora mwingine usawa wa godoro. Mlinzi alikuwa kazini, asichokijua hakitamuumiza.

Njiani nikakutana na Breki na mwanafunzi wake, wanaenda mwendo wa konokono. Akashusha kioo akaniuliza kama Jumamosi nilimpeleka dada yake mahali popote. Nikauliza kwa nini. "Ilikuwa kumbukumbu ya ndoa yenu, shemeji." Nikasema ndiyo, nilimpa mafunzo ya fedha. Akapandisha kioo. Gauni la bluu! Moyo uliniuma. Nitamnunulia jingine bei ikipanda.

Jumatano, 12 Machi

Imeshuka tena. Mstari sasa uko chini ya kitanda. Nililazimika kulala kifudifudi kuuchora.

Mke wangu anapiga mluzi. Tangu juzi. Jioni ameniletea soda baridi, akanipapasa kichwa, akasema kunywa tu. Sijanywa soda tangu mwaka jana. Nikairudisha mezani. Niliogopa kuliko siku zote, kwa sababu mwanamke huyu anaamini mabati yake yapo salama, na mimi ndiye ninayejua mstari wake uko wapi.

Dukani nililala kwenye godoro lile lile la dirishani. Ndoto haikuja. Niliona vilima vile vile, lakini sasa naviteremka, na chini kabisa amekaa mama mkwe ameshika beseni.

Alhamisi, 13 Machi

Hatimaye dari imevunjwa. Mwalimu husema bei ikivunja dari, shangilia. Sikushangilia, kwa sababu si ile ya bei. Nilikuwa nimelala chini yake.

Mvua ilipiga mchana kutwa. Jioni nilikuwa kitandani kinyume, mto miguuni, nikitafuta umbo lolote la kheri. Doa likanona, likashuka tumbo kama mbuzi mwenye mimba, nikasema sasa hili ni umbo gani, na jibu likaniangukia lote usoni. Ubao, maji, vumbi na kiota cha panya. Panya mwenyewe alikuwa ameshauza mapema, hayupo.

Nikafungua simu kwa vidole vilivyolowa. Bei iko nusu ya niliyonunulia. Nikalia. Nalisema wazi, nililia kwa sauti, nimekaa katikati ya godoro bichi. Kesho kutwa mama mkwe. Mke wangu alisimama mlangoni, akatazama tundu, akanitazama mimi. Akaniambia nioge nisije nikapata homa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimerudi kutoka kazini nikiburuta miguu, nimebeba beseni jipya. Zawadi ya mama mkwe. Kwenye kona nikasikia nyundo. Nikadhani ni kichwa changu. Lakini juu ya nyumba yetu kulikuwa na fundi, na chini Breki ameshika ngazi kwa miguu yote miwili, na juu mabati mapya yanang'aa hadi nikafumba macho.

Mke wangu aliuza Jumatatu. Saa nne asubuhi, wodini, kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Bei iligusa mstari, akauza, akarudi kupima presha. Tumepoteza kidogo tu, chini ya bei ya mfereji wa maji ya mvua. Fundi ndiye aliyekuwa na foleni hadi leo. Mistari yangu mingine yote nimeichora bure, hata wa chini ya kitanda, ambao anaujua kwa sababu yeye ndiye anayefagia.

Nikamuuliza kama hakuniona nilivyokuwa nikiteseka. Akasema aliniona, na alikuwa akinisubiri nimwambie mwenyewe.

Nilitamani kumkumbatia pale pale, mbele ya fundi. Nikamkumbatia. Kisha nikasoma mhuri kwenye bati: kampuni yangu. Afadhali wamepata mteja.

Jumapili, 16 Machi

Mama mkwe yupo. Kabla hajafika, fundi alipigilia pia dari mpya ya mbao. Jana usiku mvua ilinyesha na hakuna tone. Asubuhi amesema amelala vizuri, na safari hii mke wangu alimwamini, akageukia dirishani akafuta macho. Nilijisikia mtu mwenye nyumba. Swali la mama lilikuwa moja tu, kwa nini mto uko miguuni. Nikasema ni utaalamu.

Baadaye ameniita pembeni, akanikunjia pesa mkononi. "Mwanangu, ununue rangi ya dari. Mbao tupu hazipendezi." Mwanangu! Kama ndotoni kabisa.

Mke wangu amenirudishia akaunti kwenye simu yangu. Alisema haina kitu, haina madhara.

Alasiri mama mkwe amekaa nje na binti yake, nikajilaza kidogo kuipima dari kwa ajili ya rangi. Dari mpya kabisa, haina doa, haina ujumbe. Nilihisi upweke. Halafu jua likaingia dirishani likalala juu ya ubao, na kwenye nyuzi za mbao, juu kidogo ya taa, nikakiona. Tumbo la duara. Midomo miwili sawa. Kimkono!

Nimefungua chati ya kampuni inayotengeneza rangi. Sisemi kitu. Itoshe kusema kwamba nyumba zilizoezekwa upya zote zitahitaji rangi, na pesa za mama mkwe zimeshafika sokoni zinasubiri kesho pafunguliwe. Dari inaweza kungoja. Ukiipaka, utafuta ushahidi.

Lakini mimi si mtu wa kurudia kosa. Nimekaa nikachambua wiki mbili hizi kwa makini, na kasoro nimeiona: mlinzi wa mstari alikuwa mwepesi mno kuuza. Safari hii mlinzi ni mimi mwenyewe. Nimebadilisha namba ya siri. Nimeweka tarehe ya ndoa yetu, ambayo hawezi kuikisia kamwe, kwa sababu anaamini siikumbuki.