Kamati ya Yaliyomo Kichwani

Wananchi wote wa Busia na Tororo wanatangaziwa, kwa furaha ipasayo, kwamba kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Mei 1966 hakuna ubongo utakaovuka mpaka bila kukaguliwa.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye Kizuizi cha Mizigo na Bwana Egau, msimamizi wa kizuizi, mtu wa kofia ngumu nyeupe na muhuri wa pembe tatu. Mtauliza, mizigo na ubongo wapi na wapi? Mwenyewe alieleza vizuri kabisa: ubongo huvuka mpaka kila siku, tena bila karatasi.

Jambo lilianza na mimi, Amuge binti Emong, wa Osukuru, mwanafunzi wa bweni. Nina kifafa. Nikianguka na kuzinduka, kwa siku mbili tatu humsikia marehemu nyanya, kama yuko jikoni, akiniamuru. Hasemi la ajabu. Husema nifunike sufuria.

Daktari mmoja wa Tororo alinieleza kwamba wenzake wa ng'ambo wamechunguza vichwa kwa picha, wakaona baadhi ya watu wenye kifafa na sauti kama yangu wana sehemu ndogo ya ubongo, huko ndani usawa wa sikio, iliyosinyaa kidogo.

"Kwa hiyo mimi mjinga?" nikamuuliza.

"Wewe mtundu," akasema. "Utundu hauonekani kwenye picha. Meza vidonge, urudi shule."

Mwalimu mkuu hakutaka vidonge, alitaka muhuri. Aliandika kwamba nisirudi, wala nisifanye mtihani wa Mei, mpaka mamlaka ithibitishe kuwa kichwa changu hakijapungua. Mamlaka yenye muhuri iliyokuwa karibu ni Bwana Egau.

"Njoo Jumatatu," akaniambia.

Nikaja Jumatatu.

"Nilisema Jumatatu. Sikusema hii."

Baada ya Jumatatu tatu aliamua kwamba kichwa kimoja hakiwezi kupimwa peke yake. Lazima vipimwe vyote. Akaunda Kamati ya Yaliyomo Kichwani, akajichagua mwenyekiti bila kupingwa. Mashine ya kuona ubongo haikuwepo, basi ikatumika fomu. Ilikuwa na maswali matatu. Kichwani kuna nini? Je, kimepungua? Kama kimepungua, kilipungua wapi? Chini yake palikuwa na Kanuni ya Sita (tano za kwanza bado zinatungwa): Yeyote ambaye kichwani hamna kitu asikalie dawati, liwe la shule au la ofisi, mpaka apewe hati na Kamati.

Karani Ebong akasimamishwa kizuizini na penseli. Mimi, kwa kuwa nina mwandiko wa bweni, nikafanywa katibu wa kunakili majibu. Ujira wangu ungekuwa hati.

"Neno kwa neno," Bwana Egau akanionya. "Usiongeze utundu."

Nikaapa.

Wa kwanza alikuwa Mama Truphena, mchuuzi wa upande wa Kenya, beseni kichwani juu ya kitambaa.

"Mama, kichwani kuna nini?" akauliza Ebong.

"Kwani huoni? Samaki."

Ebong akaandika: samaki. "Imepungua?"

"Ebong, unajifanya mgeni? Nilitoka nyumbani na ishirini. Hapo ndani wamebaki kumi na sita."

"Mimi naandika tu, mama. Ilipungua wapi?"

"Mezani kwa Egau. Na uandike kwa herufi kubwa."

Mama Taaka alikuwa na vitunguu, navyo vilipungua palepale. Mzee Othieno hakubeba kitu, alipoulizwa kichwani kuna nini akajibu, "Mawazo." Yamepungua? "Nikimwona huyo bwana, naona inaongezeka."

Kufikia Ijumaa tulikuwa na fomu mia tatu. Ningeweza kumdokeza mwenyekiti. Lakini nilikuwa nimeapa kutoongeza, na kunyamaza si kuongeza. Yeye naye hakusoma, kwani ripoti huandikwa ili wakubwa waione, si ili mwenyekiti aisome. Akapiga muhuri kila ukurasa, akamwalika Mkaguzi Mkuu, Bwana Erisa, aje kusikia sayansi ikisomwa hadharani.

Nikasoma mimi, kwa sauti ya kanisani.

"Kati ya vichwa mia tatu, mia mbili na kumi na moja vimepungua. Vilivyopungua ni samaki, vitunguu, sukari, na bata mmoja. Mahali vilipopungua: MEZANI KWA EGAU."

"Rudia hapo kwa bata!" akapaza sauti Mama Truphena.

"Mheshimiwa," Bwana Egau akadakia, "huu ni uchunguzi wa ubongo!"

"Umeupigia muhuri kila ukurasa," alisema Mkaguzi. Akamwita Ebong aje na fomu mpya. "Na wewe je, Bwana Egau? Kichwani kuna nini?"

Bwana Egau akavua kofia upesi, akaigeuza juu chini, watu wote waone hakuficha sukari.

"Hamna kitu, mheshimiwa! Haki ya Mungu, hamna kitu kabisa!"

Ebong akaandika. Mkaguzi akasoma Kanuni ya Sita mara mbili, kisha akanigeukia.

"Binti, wewe kichwani kuna nini?"

"Kifafa, mheshimiwa. Na nyanya."

"Kimepungua?"

"Daktari anasema huenda kidogo, usawa wa sikio."

"Na ripoti hii ameandika nani?"

"Mimi."

Akachukua muhuri wa pembe tatu, akaugonga kwenye barua yangu ya shule. Kisha, kwa kuwa mwenyekiti hakuruhusiwa tena kukalia dawati, akanikabidhi muhuri niutunze hadi jioni, atakapoondoka nao.

Saa kumi Bwana Egau alikuja mbele ya meza yake, kofia mkononi, kuniomba hati. Alikuwa mpole sana. Hata aliniita mwanangu. Nilimpa fomu, nikamwangalia akiijaza hadi mstari wa mwisho, nikaihakiki, nikaikunja vizuri.

"Njoo Jumatatu," nikamwambia.

Jumatatu mimi nilikuwa darasani.