Jasusi Komba, Mke Wangu na Kochi la Karibu na Maktaba

Jumatano, 6 Machi

Mke wangu ni msomi! Naandika tena niyaone maneno yenyewe: mke wangu. Msomi. Ndoa haijatimiza mwezi, na bado nikiamka nikamkuta pembeni yangu nadhani nimeingia nyumba ya watu.

Leo kongamano limefunguliwa. Ukumbi umejaa watu wenye miwani, wengine wamepanda ndege, wote kwa ajili ya Jasusi Komba! Komba yule yule niliyemsoma chini ya dawati mpaka mwalimu wa hesabu akaninyang'anya kitabu (akakisoma yeye). Sikujua kwamba mtu anaweza kupewa shahada kwa Komba. Ningejua, nisingeishia kidato cha nne nikaenda kushona makochi.

Asubuhi bwana mmoja alizungumzia mwavuli wa Komba. Mwavuli tu! Kwa nini katika vitabu vya mwanzo ni mweusi na katika vya mwisho ni wa kijivu. Nilisahau kupumua. Mwishoni akasema hakuna ajuaye kwa hakika, na ukumbi ukampigia makofi! Karakanani kwangu fundi akisema hajui, tunamtuma maji.

Beji yangu imeandikwa MWENZA. Sivui. Nitalala nayo.

Mke wangu anatoa mada kesho: kwa nini Jasusi Komba hamalizi chakula. Vitabu kumi na viwili, na hakuna sahani aliyoimaliza! Daima simu inalia, au mtu anaanguka dirishani. Mke wangu anasema haraka ni kisingizio. Asiyemwamini yeyote hana wa kula naye. Aliponieleza hayo mara ya kwanza, enzi za uchumba, nilimaliza sahani yangu na yake, ajue mimi ni mtu wa namna gani.

Sasa, jambo zito. Idara ina nafasi moja ya uhadhiri. Wanaoitaka ni wawili: mke wangu, na kijana mmoja avaaye tai ya kipepeo, amwitaye mke wangu "dada" na kumbebea mkoba. Mikono ya kubeba ule mkoba ninayo mimi! Mkuu wa idara ametamka wazi kwamba atafuata neno la profesa mmoja mzee, mama mwenye fimbo. Wanamwita Mama Swali. Leo Kipepeo alipomaliza kusoma, mama huyo alinyoosha mkono. Swali moja tu. Kipepeo alitoka jasho, akanywa maji yake, akanywa na ya mwenyekiti. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Kisha nikakumbuka: kesho ni zamu ya mke wangu.

Jioni mke wangu hakula. Alisema mkono wa Mama Swali haumtoki kichwani.  Nimeapa kimoyomoyo: mkono ule kesho haunyooki.

Alhamisi, 7 Machi

Katika kitabu cha tano, Komba anamchelewesha jenerali kwa kumsifia farasi wake. Mama Swali hana farasi. Ana mgongo. Na mgongo mbovu fundi makochi anauona hata mtu akiwa mbali.

Nikamfuata. Suti ya harusi, shikamoo ya adabu. Nikamwambia vile viti vya plastiki vitammaliza, na upande wa maktaba kuna kochi la haja. Akajinyooshe kidogo kabla mada hazijaanza. Akaitikia marahaba, akasema mwanangu, wewe umeletwa na Mungu. Sikumsahihisha.

Kwa macho, kochi zuri! Ndani springi zote zimekatika. Alipokaa likammeza. Nikabaki naona magoti, fimbo na miwani. Nikavuta. Wapi! Mpango wangu ukaanza kujiendesha wenyewe.

Akaniuliza, kutoka kule chini, joto lote hili na suti ya nini. Nikamweleza. Mke wangu hivi, mke wangu vile. Jinsi anavyonisomea Komba kwa sauti nikipiga misumari, na akifika penye huzuni nyundo inasimama yenyewe. Akauliza huyo mkeo anadai nini hasa kuhusu Komba. Nikajibu kwa ufasaha, nadhani: amethibitisha kwamba Komba hali kwa sababu hana mke, na siku akioa, vitabu vimekwisha. Mama Swali akasema, "Ati nini?" Nikarudia. Akacheka mpaka kochi likalia.

Bawabu ndiye aliyetuokoa. Tulililaza kochi ubavu, profesa akatoka akiwa na fimbo yake.

Nikakimbia ukumbini. Ushindi!

Kumbe. Mke wangu yuko ngazini, analia. Alisoma vizuri, makofi akapata. Mwenyekiti akauliza kama kuna swali.  Mmoja akaomba dirisha lifungwe. Basi. Kwa wasomi, mke wangu akasema, mada isiyoulizwa imezikwa. Mama Swali akikuuliza, hata akikupasua vipande, umehesabiwa miongoni mwa watu. Ndiyo maana Kipepeo tangu jana anatembea kama bwana harusi. Wiki nzima mke wangu alikuwa akiuombea mkono ule unyooke! Na leo, akasema, sijui mama yule alipotelea wapi.

Mimi najua.

Kipepeo akampa leso. Leso! Mimi nina ile ya harusi mfukoni! Nilitaka kusema ukweli. Nikaishia kumnunulia soda.

Ijumaa, 8 Machi

Kikao cha kufunga. Nilikaa nyuma kabisa, jirani na mlango.

Mama Swali akanyoosha mkono. Hata wenye kukohoa waliacha. Akasema jana alikosa mada moja kwa sababu za samani. Hata hivyo, fundi mmoja mwaminifu amemhakikishia kwamba binti yule pale anadai Komba hali kwa kukosa mke. Je, binti anaweza kusimama akautetea upuuzi huo?

Kicheko! Mke wangu akainuka. Kwanza akanitafuta kwa macho. Akanipata. Nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Kisha akasema. Ee Mungu, alivyosema! Kwamba hakudai hivyo, ila upuuzi ule una mlango, na yuko tayari kuingia. Mama Swali akampiga na kitabu cha tatu. Mke wangu akarudisha na cha tisa, supu ya ndani ya treni. Mama akaja na yai ambalo Komba aliliacha hotelini. Yeye akalimenya yai mbele ya watu! Nywele zimemtoka kilembani, hana habari. Watu walisimama. Kipepeo alisahau kalamu mdomoni. Nilielewa nusu, na sijapata kuisikia nusu nzuri kama ile. Nikajiuliza, huyu ndiye aliyekubali kuolewa na mimi?

Mwishoni Mama Swali akaketi, akamgeukia mkuu wa idara. "Huyu mkimwachia aondoke, mtanitambua."

Nyumbani, mke wangu alishika kiuno. Nikaungama yote, mpaka springi. Akacheka, akalia, akanipiga na mto, akacheka tena. Kisha akaniapisha: kazi yake nisiitie mkono tena, si kwa heri wala kwa shari. Nikaapa. Tukala. Sahani zikabaki nyeupe.

Jumamosi, 9 Machi

Usaili wake ni Jumatatu, ofisini kwa mkuu wa idara. Nimeapa, na kiapo ni kiapo.

Ila asubuhi nilipita chuoni kumshukuru bawabu. Ni rafiki sasa. Akanifungulia ile ofisi nichungulie tu. Kiti cha mkuu mguu mmoja unacheza! Aliyekaa vibaya huamua vibaya, hilo sihitaji shahada. Na kiti si kazi ya mke wangu. Kiti ni kazi yangu.

Nimekibeba hadi karakanani, nimekifumua chote. Sponji ya saizi yake imekwisha dukani mpaka Jumatano.

Hakuna neno. Nimemwekea mkuu lile kochi la karibu na maktaba. Nimelikaza springi mbili. Kwa macho, zuri sana.